Beseni la Sekela

Tarehe kumi na moja ya mwezi wa tatu mwaka huu wifi yangu Sekela alifariki dunia, na kesho yake tukamzika Mzenga, kando ya kaburi la mama yangu, ambaye tangu siku ya ndoa hadi anaingia kaburini hakuwahi kumwita Sekela. Mama alimwita Salma, jina alilopewa aliposilimu. Sisi wengine tulimwita jina alilotoka nalo kwao Tukuyu. Sikulia. Nasema hivi kwa sababu msibani watu huangalia macho ya mtu, na najua waliyaangalia yangu. Nilipewa sinia la mchele nichambue, nikachambua. Nikapewa jingine. Baada ya hitima tulirudi Misugusugu nyumbani kwa kaka Shabani, wanawake wakakaa chumbani kugawana vitu vya marehemu: kanga, sufuria, viatu, mkoba wa kazini ambao zipu yake ilikuwa imeharibika. Beseni la bluu lililokuwa kwenye kibaraza cha nyuma hakuligusa mtu. Jirani mmoja alilisogelea, akachungulia kwenye mfuniko wa wavu, akaruka nyuma. "Astaghfirullah! Kumbe lina mtu!" Wenzake wakacheka kile kicheko cha msibani, kinachoanza na kukatwa.

Kaka alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mikono juu ya magoti. Amezeeka. Akaniita. "Zainabu, lile ni lako. Mlishakubaliana wenyewe." Nikamuuliza kama aliyemo yu hai. "Sijui," akasema. "Sijafunua. Mimi nilichofanya ni kuilinda ile ndoo yake. Watu wamemaliza maji ya nyumba nzima, pipa limekauka, kila anayekuja anataka kuchota. Nimeifunika ungo, nikawaambia hiyo ina dawa." Nikatazama, nikaiona ndoo nyeupe chini ya ungo, pembeni ya mlango. Nilijua ni ndoo gani. Nikaingia jikoni kuosha vyombo, kwa sababu vilikuwa vingi, na kwa sababu sikuwa tayari kufunua.

Mwaka tuliokubaliana mimi na Sekela ulikuwa ule uliofuata mvua za El Nino. Nilikuwa binti, nimetoka Mzenga kuja kukaa kwa kaka ili nijifunze cherehani kwa fundi mmoja pale Mailimoja. Nyumba ilikuwa na chumba chao, sebule na stoo. Mimi nililala sebuleni, godoro langu nikilikunja kila asubuhi na kulisimamisha nyuma ya mlango, na kwa kuwa kuta hazikufika juu hadi kwenye bati, kila kilichosemwa katika nyumba ile kilikuwa cha wote. Mtu alipopiga chafya chumbani, niliyeko sebuleni ndiye niliyemwombea afya. Naikumbuka harufu ya mle ndani: mafuta ya taa, unyevu wa ukutani ulioachwa na mvua, na dawa ya mbu, maana kaka alikuwa na mapenzi na dawa ya kupuliza. Nakumbuka na chakula. Sekela alipika vizuri lakini alipika kama mtu wa milimani, maharage bila nazi, ndizi kila anapozipata. Siku moja kaka alionja kande, akaweka kijiko chini. "Mke wangu, hii ni ya kwenu au ya kwetu?" Sekela akajibu bila kuinua kichwa, "Ya katikati. Kila mtu ataikuta nusu." Tulicheka sana siku ile. Ni mojawapo ya mara chache mwaka ule ambazo nakumbuka nyumba nzima ikicheka.

Beseni lilikuwa juu ya kabati, limefunikwa kifudifudi. Alilinunua Mlandizi akiwa na mimba, pamoja na kijitaulo na sabuni ya mtoto. Kwetu hainunuliwi hata pini kabla mtoto hajazaliwa. Wanasema kitu kikitangulia, mtoto huona kama ameshafika, akaacha safari. Sekela hakuwa amelelewa hivyo. Kwao, alisema, mvua na baridi havisubiri, mtoto akizaliwa akakuta hakuna nguo anakufa, kwa hiyo mama anaandaa. Alijifungua kabla ya siku zake, mvua zikiwa zimekata barabara, na mtoto alikuwa ameshafariki. Ilikuwa mara ya pili. Mama alikuja kutoka Mzenga na matope hadi magotini, akaingia chumbani, akaliona beseni. Akamwambia neno moja. "Ulitangulia." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayesoma hali ya hewa. Tangu siku hiyo beseni likapandishwa juu ya kabati, na ingawa nyumba haikuwa na mabeseni ya kutosha, hakuna aliyelishusha kufulia wala kuoshea mchele.

Sekela alikuwa mhudumu wa maabara katika shule moja ya sekondari Kibaha. Kazi yake ilikuwa kuosha vioo, kufagia, na wakati wa mazoezi ya mtihani kupokea vyura walioletwa kwa ajili ya kupasuliwa. Waliletwa ndani ya ndoo, wamebanana, wengine wameshakufa. Yeye ndiye aliyewatunza mpaka siku yao ifike, na yeye ndiye aliyewaweka kwenye chupa yenye pamba ya dawa. Nyumbani hakuwa akizungumzia kazi. Nilijua kwa sababu siku nyingine alinawa mikono muda mrefu kuliko kawaida. Halafu jioni moja, mwezi wa sita nadhani, maana kulikuwa na ule ubaridi mdogo tulio nao huku, alirudi kazini, akapanda juu ya stuli, akashusha beseni. Akaliosha bombani kwa maji matupu, akaliweka kwenye kibaraza cha nyuma upande usiofikiwa na jua. Nilikuwa nachambua mchele.

"Unafua, wifi?"

"Hapana. Nataka kufuga chura."

Nikacheka. "Chura?"

"Chura."

"Wa kumfanya nini?"

"Wa kutofanywa kitu. Akae tu."

Nikaangalia ndani ya beseni. "Yuko wapi sasa?"

"Hayupo," akasema. "Kwanza nyumba, ndipo mgeni."

Sikumwelewa, na sina haja ya kujidai kwamba nilimwelewa. Nilidhani ni huzuni, na kwamba itapita. Lakini haikuwa jambo la kupita. Alilishika kama watu wanavyoshika ujenzi. Siku moja nilimpelekea chakula kazini, nikamkuta amemsimamia mwalimu wa baiolojia, mtu mrefu kutoka Kilimanjaro mwenye kupenda utani, akimuuliza maswali, na mwalimu anajibu huku anakula karanga. Alimwambia yule wa msituni Kisarawe asimguse kabisa, wako vyura mle ambao pengine hawapatikani kwingine, na kumtoa porini ni kosa. Achukue huyu wa majumbani, mwenye ngozi ya vipele, anayetembea kuliko anavyoruka, na amchukue hapo hapo anapoishi, ili siku ikishindikana amrudishe pale pale alipomtoa. Asimchanganye na wa aina nyingine. Asimshike kwa mikono yenye sabuni wala mafuta, kwa sababu chura hanywi kwa mdomo, hunywa kwa ngozi ya tumbo, na kila kilichomgusa kinaingia. "Na ukishamshika, Sekela, nawa. Ana maziwa yake pale shingoni, yakikuingia machoni utanikumbuka." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe binti, ndiye shangazi wa chura?" Nikaona aibu, nikaweka hotpoti mezani nikaondoka.

Maji yalikuwa ya kwanza. Maji ya bomba ya Kibaha yalikuwa na dawa, siku nyingine unaisikia puani, na dawa ile ingemchoma. Sekela alinunua ndoo nyeupe isiyotumiwa kwa kazi nyingine, akakinga maji, akaiacha wazi hadi kesho yake. Aliita kuyalaza. "Maji yakilala, dawa inaondoka," alisema. Udongo ukafuata: usiwe wa bustani yenye mbolea, usiwe na majivu, usiwe na chumvi. Akapata chungu kilichopasuka, akakilaza nusu yake kiwe pango. Akatafuta sahani ya udongo iliyo fupi, ambayo chura angeweza kuingia na kutoka bila kuhangaika. Akaanza kuangalia wadudu. Alijua kichuguu kilipo, alijua taa gani ya jirani inavuta kumbikumbi. Na hapo ndipo alipogongana na kaka, kwa sababu mdudu aliyepuliziwa dawa ni sumu kwa anayemla.

"Usipulize tena, baba."

"Nisipulize? Yaani niugue malaria kwa ajili ya chura ambaye hata hayupo?"

"Tutashona chandarua. Zainabu anajua kushona."

"Zainabu anajua kushona mstari ulionyooka, basi!" kaka akasema, nami nikasikia nyuma ya ukuta, na kweli ndicho nilichokuwa nakijua wakati ule. Nilishona chandarua. Mishono ilikuwa imepinda lakini mbu hawakupita. Kaka akaacha kupuliza, akawa analala akilalamika.

Ilipofika mwezi wa nane kila kitu kilikuwa tayari, na chura hakuletwa. Kila jioni Sekela alikinga maji, akayalaza. Jioni iliyofuata aliyachukua yaliyolala, akabadilisha ya kwenye sahani, yaliyobaki akamwagia mchicha, akakinga mengine. Beseni tupu. Nilimuuliza kwa nini analaza maji na mwenyewe hayupo. Alikuwa ameinama anafuta sahani kwa kitambaa. "Nataka nione kama nitachoka," akasema. Nimelifikiria jibu lile miaka mingi, na mpaka leo sina la kuongeza juu yake.

Kilichobaki kilikuwa swali moja, na alituuliza tukiwa tunakula, ugali na dagaa, taa ikiwa katikati. Chura anaishi miaka, alisema, mwalimu amesema hata kumi na zaidi akitunzwa. "Mimi nisipokuwepo hapa, nani atamtunza?" Kaka akamuuliza anakwenda wapi. Sekela akatazama ugali. "Hujaniambia," akamjibu. "Lakini siku ukiniambia, sitaweza kumbeba. Kwetu baridi. Wa Kibaha atafia njiani. Lazima awepo mtu wa hapa." Kaka alikohoa. Akajaribu utani, akasema yeye akiachiwa beseni atalichomelea lote alifunge, maana kuchomelea vyuma ndiyo kazi yake. Hakuna aliyecheka. Sekela akanigeukia. Niliogopa. Tulikuwa tumekua tukiambiwa mkojo wa chura unaotesha chunjua mikononi, na mikono yangu ndiyo niliyokuwa naitegemea. Nikasema sijui. Akaitikia kwa kichwa, akatupakulia. Na kwa sababu hakuna aliyesema mimi, beseni likaendelea kuwa tupu.

Mama alikuja mwezi wa tisa kutibiwa macho, akakaa nasi. Alikuwa amepoteza kuona mbali lakini cha karibu alikiona vizuri kuliko sisi sote. Siku ya kwanza tu, anatoka bafuni na ndoo, akasimama kibarazani.

"Shikamoo, mama," Sekela akasema.

"Marahaba. Hili si lile?"

"Ndilo, mama."

"La nani sasa?"

"La chura."

Mama akaketi kwenye kizingiti. "Salma, mwanangu, umeanza tena kutangulia." Baadaye, alipozoea, akawa anafanya mzaha, na mzaha wa mama ulikuwa na miba. Mzenga, alisema, vyura hawajengewi, unaingia shamba la mpunga wanakukaribisha wenyewe. Chura akiingia ndani ya nyumba anatupiwa chumvi, arudi kwa aliyemtuma. "Wewe wenzio wanafukuza, wewe unatandika kitanda!" Jirani waliokuja kumjulia hali walicheka. Sekela naye alitabasamu, akawaongezea chai.

Alasiri moja mimi na Sekela tulikuwa kibarazani tunapukuchua mbaazi alizoleta mama. Ndani, sebuleni, mama alikuwa amejilaza mkekani, kaka amekaa karibu yake. Hawakujua tuko pale, au mama alijua. Alisema kwamba atakufa hajamwona mtoto wa Shabani. Kaka akasema Mungu ndiye mpaji. "Mungu ametoa wanawake wengi," mama akasema. "Mzenga nimekuonea mtoto wa watu, ana adabu, kwao wamezaana kama mihogo. Sikwambii umfukuze huyu. Nakwambia uwe na mtoto. Au nisubiri huyo chura? Akija ndiye mjukuu wangu? Nimfunge hirizi?" Na hapo kaka akacheka. Kicheko kifupi, cha mtu anayetaka mama yake anyamaze. Naamini hakuwa na maana mbaya. Niliitazama mikono ya Sekela. Iliendelea kupukuchua, haikupunguza mwendo, ila alikuwa anatupa mbaazi kwenye maganda na maganda kwenye bakuli. Sikumwambia. Nilisubiri alipoingia ndani, nikaanza kuzitenganisha.

Siku chache baadaye alirudi kazini, akapita moja kwa moja nyuma kama kawaida yake kunyunyizia udongo. Alikuwa na tabia ya kuugusa kwanza kwa vidole kuona kama umekauka. Akaugusa, akasimama. Akachukua punje ya udongo ule akaiweka kwenye ulimi. Mama alikuwa mlangoni.

"Una chumvi," Sekela akasema. Hakumwambia mtu, aliuambia udongo.

"Nimeweka mimi," mama akasema. "Nimeisomea Yasini kwanza, ndipo nikaweka. Sikuweka kwa ubaya, Salma. Nimefunga mlango kibaya kisipite, ili kizuri kipite. Nataka uzae."

Nililolitegemea halikutokea. Nilitegemea ugomvi, na nadhani mama pia, kwa sababu alikuwa ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili. Sekela alimeza kile kilichokuwa mdomoni. "Asante, mama," akasema. Kisha akavua viatu vya kazini, akavaa kandambili, akabeba beseni zima hadi nje ya uzio, akamwaga udongo kando ya barabara, mbali na mchicha. Akarudi, akalisugua beseni kwa maji matupu, akamwaga, akasugua tena. Akaloweka chungu. Akaivunja sahani, kwa sababu alisema udongo uliochomwa unanyonya na hautemi. Mama alimtazama muda wote huo. Nilipita kati yao na jembe dogo na ndoo, nikamwambia wifi twende nikusaidie kuchimba mwingine. Ilikuwa mara ya kwanza nashika kitu chochote cha kazi ile.

Hatukuchimba chini ya mikorosho ingawa ndiyo ilikuwa karibu, kwa sababu mikorosho hupulizwa salfa. Tulishuka mpaka bondeni, penye majani, udongo mweusi. Yeye anachimba, mimi nashika ndoo. Jua lilikuwa linaelekea kuzama lakini joto lilikuwa bado. Sikuwa nimepanga kusema. Nimejaribu kukumbuka kilichonifanya niseme, na ninachokiona ni ule ulimi wake uliotoka kuonja, basi. Nikasema, "Mimi."

"Wewe nini?"

"Siku ukiondoka. Nitamtunza mimi."

Akaendelea kuchimba. Akajaza ndoo, akaupapasa udongo juu, akaokota jiwe akalitupa. "Umesema ukiwa umechoka," akasema. "Sema tena kesho."

Kesho yake asubuhi alikuwa anakunywa chai ya rangi na kiporo cha muhogo, amesimama, anachelewa kazini. Nikasema tena. Akameza, akaniangalia. "Na ukiolewa?" Nikasema nitakwenda naye. "Na mume akikataa?" Nikasema sijui mume gani huyo. Akacheka, akafuta mdomo. "Haya," akasema, na akaondoka.

Mama alirudi Mzenga macho yakiwa yamesafishwa. Siku ya kuondoka, mizigo ikiwa nje, aliomba kupelekwa kibarazani. Akainama juu ya beseni. Udongo ulikuwa mpya, majani makavu juu, sahani mpya ina maji. "Bado hajaja?" Sekela akajibu bado, tunangoja mvua. Mama akaweka kanga vizuri begani. "Akija, msimpe jina," akasema. "Chenye jina kikifa kinakaa sana." Halafu akatoka kwenda kupanda gari. Sekela alisimama pale pale. Wale watoto wake wawili hawakuwa wamepewa majina.

Chura alikuja na mvua za vuli. Alikuwa akiishi chini ya pipa la maji karibu na bafu, tulimsikia wiki nzima kabla ya kumwona. Sekela alinawa, akalowesha mikono kwa maji yaliyolala, akamchukua kama mtu anavyochukua andazi la moto, akamweka ndani. Chura akaingia chini ya chungu moja kwa moja, akatupa mgongo. Hakula siku ya kwanza wala ya pili. Nilitaka tumrudishe, Sekela akasema ni mgeni, tumwache. Siku iliyofuata aliweka mchwa wachache mbele ya pango, tukakaa mbali. Sikuona ulimi. Niliona mchwa wapo, halafu niliona hawapo. Kaka aliporudi kazini tukamwita. Akainama, akatazama. "Ndiye huyu tu?"

"Ndiye huyu."

"Miezi yote hiyo?"

"Miezi yote hiyo."

Akatikisa kichwa, akaenda kuoga. Kesho yake alirudi na mfuniko: duara la nondo nyembamba, wavu wa mbu umefungwa kwa waya, kishikio katikati. Akauweka juu ya beseni. Ulikaa sawasawa, bila nafasi hata ya kidole. Sikumwona akipima beseni lile, na Sekela hakumwona.

Mwaka uliofuata kaka alioa mke wa pili Mzenga, yule yule aliyeonewa na mama, na akapata watoto. Sekela hakufukuzwa wala hakuondoka. Alipika siku ya ndoa. Hakuzaa. Nyumba ya Misugusugu ikawa yake, kaka akija na kwenda, na kadiri alivyozeeka akawa anakaa zaidi kuliko anavyokwenda. Ahadi yangu haikuhitajika. Niliolewa, nikahamia Zegereni, nikaja kumtembelea, nikamkuta kibarazani anafuta sahani. Chura wa kwanza aliishi miaka mingi. Alipokufa Sekela alimzika nyuma ya bafu, akaosha beseni, akaliacha likae tupu msimu mzima, analaza maji. Kisha akaniuliza, "Bado ni wewe?" Nikasema bado ni mimi. Ndipo akamchukua mwingine, chini ya pipa lile lile. Aliniuliza hivyo kila mara. Mara ya mwisho ilikuwa mwaka juzi, kwenye simu, katikati ya habari ya bei ya mkaa. Nikasema bado ni mimi, akasema haya, akaendelea na mkaa.

Nilipomaliza kuosha vyombo nilitoka kibarazani. Wanawake walikuwa wameondoka. Kaka alikuja akasimama nyuma yangu. Nikainua mfuniko, nikainua chungu. Alikuwepo. Ngozi ilikuwa imekauka kidogo, sahani haina kitu, macho yake yanatazama pale ambapo hakuna kitu. "Yu hai?" kaka akauliza. Nikasema yu hai. Akatoa pumzi, akaenda kutafuta bajaji.

Yale maji ya kwenye ndoo niliyamimina kwenye dumu safi. Sekela aliyakinga mwenyewe jioni ya mwisho kabla ya kupelekwa hospitali, yakabaki pale tangu siku hiyo. Kaka alibeba beseni hadi kwenye bajaji, akalishika mwenyewe mpaka nilipokaa vizuri, akaliweka mapajani mwangu, akaweka na ndoo tupu miguuni. Dereva akauliza kuna nini humo. Nikamwambia chura. Akadhani namtania, akawasha.

Nyumbani Zegereni niliweka beseni upande wa nyuma usio na jua. Nikanawa mikono kwa maji matupu. Nikajaza sahani kutoka kwenye dumu, yaliyobaki nikanyunyizia udongo. Alitoka chini ya chungu polepole, mguu baada ya mguu, akaingia kwenye sahani, akalaza tumbo lake juu ya maji. Nikasuuza ndoo nyeupe, nikaipeleka bombani, nikakinga maji mengine, nikaiweka pembeni ya mlango, wazi.